Sungura Pandikizi Nyumbani: Tupime Ukubwa wa Wajibu Kabla ya Ukubwa wa Mnyama

Hapana mnyama aliyelelewa na ngano zetu kama sungura. Mtoto wa pwani humjua kabla ya kumwona: ndiye mjanja aliyemhadaa simba, akamcheka fisi, na akaponyoka kila mtego aliotegewa. Wazee wa Kiswahili walimwita kitungule, na jirani zetu Wagiriama humwita katsungula. Kwa hivyo mzazi wa Malindi au Kilifi anapoombwa na wanawe awaletee sungura wa kufuga, hudhani kuwa anamkaribisha rafiki wa siku nyingi.

Ukweli ni kwamba yule wa ngano na huyu wa kizimbani ni wanyama wawili mbalimbali. Sungura wa hadithi zetu ni wa porini, mwenye miguu mirefu, ambaye huzaa juu ya ardhi watoto wenye manyoya na macho yaliyofumbuka. Sungura wa kufugwa ni mgeni. Asili yake ni Uhispania, Ureno na kusini mwa Ufaransa, na watoto wake huzaliwa uchi na vipofu, katika shimo alilochimba mama yao. Sungura wote wa kufugwa duniani, weupe kwa weusi, wadogo kwa wakubwa, wanatokana na mnyama huyo mmoja wa Ulaya. Ngano zetu basi hazitufundishi lolote kuhusu malezi yake, na anayezitegemea ataingia katika ufugaji akiwa hajui anachokifuga.

Ninayasema haya kwa sababu siku hizi si sungura wa kawaida tu anayetamaniwa. Anatamaniwa yule mkubwa kupita kiasi, pandikizi la sungura ambalo wafugaji wetu wamelizoea kwa jina la Flemish Giant. Picha zake husambazwa kwa simu. Watoto wakimwona amepakatwa mapajani mithili ya mtoto mchanga, hushikwa na uchu. Swali ninalotaka tulijadili leo, wazazi, walimu na wanafunzi, ni hili: je, mnyama huyo anafaa kuchaguliwa awe mnyama wa nyumbani, wa kupendwa na si wa kuchinjwa, katika mwambao huu wetu wa kutoka Mtwapa hadi Mto Sabaki na kuendelea?

Tuanze kwa kumtendea haki. Chimbuko la aina hii ni Flanders, nchini Ubelgiji, ambako ilikuzwa kwa nyama na manyoya. Sungura mzima wa aina hiyo huwa na kilo 6 au 7, na wapo wanaozidi hapo. Mmoja wa Uingereza aitwaye Darius alipimwa mwaka 2010 akapatikana kuwa na urefu wa sentimita 129, akatajwa kuwa sungura mrefu kuliko wote duniani. Umbo lake lisimtishe mtu. Aghalabu ni mnyama mpole, mtaratibu, asiyekurupuka ovyo kama wale wadogo, na akizoezwa mapema hujua kwenda haja katika pembe moja ya chumba. Habweki usiku wala hamfukuzi mpita njia. Katika nyumba nyingi za Kiislamu za pwani, ambamo mbwa haruhusiwi ndani, mtu anayetaka mnyama wa kuwaliwaza watoto zaidi ya paka hana wengi wa kuchagua, na sungura hujitokeza kuwa jibu jema.

Tena sungura si mgeni katika elimu yetu. Vyama vya 4-K, vilivyokuwa vimefifia mashuleni kwa miaka mingi hadi serikali ilipoamua kuvifufua mwaka 2021, vimekuwa vikiwahimiza watoto kufuga wanyama wadogo. Mwalimu anayewafundisha watoto kumlisha, kumsafisha na kumpima uzito sungura huwafundisha hesabu, sayansi na utu kwa pamoja. Sina ugomvi na mwalimu huyo. Ugomvi wangu ni na dhana kwamba maadamu sungura mdogo ni mwema, aliye mkubwa mara tatu atakuwa mwema mara tatu.

Dhana hiyo ya kuvutwa na ukubwa si ya leo. Malindi yenyewe imeandikwa katika historia ya ulimwengu kwa sababu ya mnyama mkubwa. Mwaka 1414 twiga wa Afrika Mashariki alifikishwa China kutoka kwa mtawala wa Bengal, na mwaka 1415 wajumbe wa Malindi wakafika huko na twiga mwingine. Wachina walimwona kuwa ni mnyama wa baraka aliyetajwa katika masimulizi yao ya kale, na mchoro wake umehifadhiwa hadi leo. Twiga yule alipokelewa na dola nzima, yenye mabustani na watumishi. Sisi tunaoishi katika nyumba za vyumba viwili au vitatu hatuna budi kujiuliza swali ambalo mfalme hana haja ya kujiuliza: nani atamlisha, kwa nini, na kwa muda gani?

Hoja ya kwanza na kubwa kuliko zote ni joto. Sungura hatoki jasho kama binadamu. Hupoza mwili wake kwa kupumua upesi na kwa masikio yake makubwa, ambayo mishipa yake hupitisha damu karibu na ngozi ili ipoe. Hali anayoipenda ni nyuzi 15 hadi 20 hivi za selsiasi. Zikizidi 28 huanza kutaabika, na zikipita 30 yumo hatarini. Sasa mwanafunzi na afungue kitabu chake cha jiografia. Malindi iko takriban nyuzi 3 kusini mwa Ikweta, ufuoni mwa bahari. Wakati wa kaskazi, hasa Februari na Machi, joto la mchana hufikia nyuzi 31 au 32, na hewa hujaa unyevu. Hata majira ya kusi, tunapojitanda shuka asubuhi tukisema kuna baridi, mchana bado una joto linalozidi lile analolipenda sungura huyu.

Mtu ataniuliza: mbona wapo sungura wanaofugwa hapa pwani na hawafi? Wapo, na wengi wao ni wadogo au wa wastani. Ukubwa ndio unaobadilisha hesabu. Mwalimu wa hisabati anaweza kuwaonyesha wanafunzi wake jambo hili kwa dakika chache. Chukua mchemraba wenye upande wa sentimita 1: eneo la uso wake ni sentimita mraba 6, na ujazo wake ni sentimita ya ujazo 1. Chukua mwingine wenye upande wa sentimita 2: uso wake ni 24, ujazo wake ni 8. Wa kwanza una sehemu 6 za uso kwa kila sehemu ya ujazo. Wa pili una 3 tu. Kwa hivyo kitu kikubwa kina ngozi chache ya kutolea joto kulingana na mwili unaolizalisha joto hilo. Ndiyo sababu sufuria ya uji hukawia kupoa kuliko kikombe cha uji. Sungura wa kilo 7 ni sufuria. Sungura wa kilo 2 ni kikombe. Ukimweka pandikizi huyo katika kizimba chini ya paa la mabati huko Kisauni, Mtwapa au Kisumu Ndogo ya Malindi saa nane mchana mwezi wa Machi, hukumfuga bali umemwokea ndani ya tanuri.

Linalozidisha msiba ni kimya chake. Sungura ni mnyama wa kuwindwa, na maumbile yamemfunza kuuficha ugonjwa wake ili adui asimjue kuwa ni dhaifu. Mbwa akiumia hulia. Ng'ombe akiugua huonekana. Sungura hujikunyata pembeni tu, akahema mbiombio, masikio yakawa mekundu na ya moto, pua na mdomo vikalowa. Mtoto hudhani amelala. Ataporudi jioni kutoka madrasa au uwanjani, atakuta mwili uliokakamaa. Anayezijua dalili hizo humwondoa mnyama juani upesi, akampangusa masikio kwa kitambaa cha maji ya baridi ya kawaida, wala si ya barafu, kisha akamtafuta daktari wa mifugo. Lakini ni wangapi wanaozijua?

Siyo kwamba hakuna njia. Nyumba za kale za Waswahili, zenye kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, hutunza ubaridi ndani, na paa la makuti hushinda la mabati kwa mbali. Aliye na nyumba ya namna hiyo, ukumbi unaopitisha upepo, sakafu ya baridi na mwarobaini wa kivuli uani, ana sehemu ya kuanzia. Wenye majokofu huweka chupa ya maji yaliyoganda kando ya mnyama aiegemee. Lakini umeme wetu una tabia zake, na unapokatika mchana wa kaskazi, chupa nayo huyeyuka.

Hoja ya pili ni chakula na maji. Sungura si mlaji wa karoti, licha ya vitabu vya picha kutuaminisha hivyo. Chakula chake cha msingi ni nyasi, mbichi na kavu, kwa kiasi cha zaidi ya robo tatu ya mlo wake wote. Meno yake hayakomi kukua. Ya mbele hurefuka kwa takriban sentimita 10 kila mwaka, na nyasi ndizo zinazoyasaga. Utumbo wake nao hauna ruhusa ya kupumzika: sungura asiyekula chochote kwa muda wa nusu siku huwa ni mgonjwa wa kushughulikiwa mara moja. Anayemlisha vipande vya mkate, makombo ya ugali na biskuti, akidhani anamwonea huruma, anamuua polepole. Majani ya viazi vitamu na ukoka humfaa. Majani ya muhogo mabichi yana sumu, majani ya mparachichi ni hatari, na mbarika usisogezwe karibu naye.

Tufanye hesabu nyingine. Sungura huhitaji kiasi cha mililita 100 za maji kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku. Kwa sungura wa kilo 7 hizo ni mililita 700, na wakati wa joto hukaribia au hupita lita nzima. Nyasi mbichi anazohitaji hufika kilo moja hivi au zaidi kila siku. Kwa mkazi wa kando ya Sabaki, kilo moja ya majani si kitu. Kwa mkazi wa Ganze au sehemu za bara za Magarini, ambako mvua zilikosekana msimu baada ya msimu kati ya 2020 na 2022, mifugo ikafa na watu wakasubiri chakula cha msaada, swali si dogo hata kidogo. Maji hayo yatachotwa na nani? Aghalabu ni msichana yule yule ambaye tayari amebeba mtungi asubuhi kabla ya kwenda shule. Nyasi zitakatwa na nani? Mama yule yule anayetafuta kuni. Mnyama anayeitwa wa familia nzima mara nyingi huwa mzigo wa mtu mmoja, ambaye wala hakuulizwa alipochaguliwa.

Hapa ndipo ninapowaomba wanafunzi wanisikilize kwa makini. Sungura wa aina hii huishi miaka 5 hadi 8 akitunzwa vyema. Mtoto wa Gredi ya 4 anayemlilia babake leo atakuwa ameingia sekondari ya juu kabla mnyama huyo hajafa, na huenda akawa katika bweni la shule ya mbali. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Mwezi wa kwanza kila mtoto hugombania kumlisha. Mwezi wa tatu hugombania kutomlisha. Mwaka wa pili mnyama yumo kizimbani nyuma ya nyumba, chini amejaa kinyesi, kucha zimepinda, nyayo zimechubuka kwa kukaa juu ya waya, na hakuna anayemgusa ila siku anapokuja mgeni wa kuonyeshwa. Kosa si la mtoto, kwa maana mtoto ni mtoto. Mkubwa aliyetoa pesa ndiye mwenye ahadi.

Hoja ya tatu ni ile tunayoikwepa kuitamka: je, huyu ni kipenzi au ni kitoweo? Wizara na wataalamu wa kilimo wamehimiza ufugaji wa sungura kwa ajili ya nyama kwa miaka mingi, na ni shauri jema kwa lishe na kipato. Waislamu wa madhehebu ya Kisunni, ambao ndio wengi pwani, huihesabu nyama yake kuwa halali. Ndugu zetu Washia humwepuka, na Waadventista nao hawamli kwa kuyafuata maandiko ya Walawi. Kila nyumba ina msimamo wake, nami siingilii. Ninachokipinga ni kutokuwa na msimamo. Baba humleta mnyama kwa kauli ya mapenzi, mtoto akampa jina, akalala akimpapasa. Kisha ikaja sikukuu au siku ya dhiki, na mtoto akarudi nyumbani akakuta kizimba kitupu na sufuria inatokota. Wapo watu wazima ambao bado wanaikumbuka siku kama hiyo. Hawakumbuki ladha ya mchuzi. Wanakumbuka kuwa walidanganywa. Ikiwa unafuga kwa nyama, mwambie mtoto tangu siku ya kwanza, naye ataelewa kwa sababu amewaona kuku na mbuzi. Ikiwa unafuga kwa mapenzi, basi ahadi hiyo ishinde hata bei ya nyama inapopanda.

Na kwa wale wanaodhani kuwa sungura mkubwa ni njia ya mkato ya kupata nyama nyingi, dunia imekwisha kuwapa funzo. Mnamo mwaka 2007 habari zilienea kote za mfugaji mzee wa Ujerumani aliyewauzia Korea Kaskazini sungura wake pandikizi 12 ili wazalishwe kuwalisha wenye njaa. Baadaye safari yake ya kwenda kuwashauri wafugaji ilifutwa, naye akasema waziwazi kwamba anashuku wanyama wake walikwisha kuliwa. Iwe walitafunwa au la, wataalamu walikuwa wamekwisha kuionyesha kasoro ya hesabu yenyewe: mnyama huyo hula sana, huchelewa kukomaa, na mifupa yake ni mizito. Wafugaji wa nyama hupendelea aina za wastani, kama vile New Zealand na California. Kwa hivyo pandikizi hana faida ya sufuria, na kwa mapenzi anadai gharama kubwa. Anayemtaka lazima awe anamtaka yeye mwenyewe.

Hoja ya nne ni tiba. Katika miji yetu wapo madaktari wa mifugo hodari, lakini ujuzi wao umejengwa juu ya ng'ombe, mbuzi, kuku na mbwa, kwa kuwa hao ndio wanaoletwa. Sungura ana mambo yake. Baadhi ya dawa za jamii ya penisilini, akimezeshwa, huua vijidudu vyema vya tumboni mwake na kumwangamiza. Dawa za viroboto zenye fipronili, wanazopakwa mbwa bila shida, ni sumu kwake. Hata kumbeba kuna elimu yake: anayemnyanyua kwa masikio humtesa, na asiyeishika vyema miguu ya nyuma huenda mnyama akarusha teke kwa nguvu zake mwenyewe hadi akavunjika uti wa mgongo. Sungura wa kilo 2 mtoto wa miaka minane anaweza kumbeba kwa usalama. Wa kilo 7 atamshinda, na wote wawili wataumia.

Safari nazo ni mtihani. Mwezi Aprili mwaka 2017 sungura mmoja wa aina hii, aitwaye Simon, wa ukoo wa yule Darius niliyemtaja, alisafirishwa kwa ndege kutoka London kwenda Chicago akiwa na umri wa miezi 10, akafa muda mfupi baada ya kufika. Habari hiyo ilizagaa ulimwenguni. Sisi wa pwani hununua wanyama kutoka bara, kwenye hewa ya baridi, kisha tukawapakia kwenye masanduku ndani ya mabasi hadi Mombasa na Malindi. Mnyama aliyezoea ubaridi wa Ngong au Limuru hushuka Kilifi kama aliyetupwa katika nchi nyingine. Asipokufa njiani, huanza maisha mapya akiwa nusu mgonjwa.

Hoja ya tano inahusu siku ya kuchoka. Anayeshindwa kumtunza mnyama huona ni huruma kumwachilia porini akajitafutie. Huo ni ukatili uliovishwa kanzu ya wema. Sungura wa kufugwa hajui kumkwepa chatu, kanu wala mbwa koko, naye hudumu kwa siku chache. Na hata ingetokea wachache wakadumu wakazaana, hilo lingekuwa balaa jingine. Mwaka 1859 mwenye shamba mmoja wa Australia, Thomas Austin, aliwaachilia sungura wasiofika hata 30 ili apate wa kuwinda. Nchi ile inapigana na vizazi vyao hadi leo. Hatuna haja ya kwenda Australia kutafuta ushahidi, maana unatulilia juu ya mapaa kila asubuhi. Kunguru wa Bara Hindi aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 kwa nia ya kusafisha mji, akavuka hadi Mombasa, Kilifi na Malindi. Leo hula mayai na makinda ya ndege wetu na kunyakua vifaranga vya maskini. Mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru milioni moja. Aliyemleta wa kwanza hakika hakukusudia hayo. Mnyama anayeletwa mahali hufuatana na matokeo yake, na wanaokuja nyuma ndio huyalipa.

Kuna atakayenijibu kwa hasira: katika kaunti yenye watoto wanaolala njaa, una wakati wa kumwonea huruma sungura? Swali hilo lina uzito, nami silipuuzi. Jibu langu ni kwamba sijamwomba mtu yeyote amfuge. Ninamwomba mwenye nafasi aliyekwisha kuamua kufuga ajue kuwa amejitwika dhamana. Tena huruma haigawanyiki kama mkate, ukimpa huyu kipande ukampunguzia yule. Mtoto anayefunzwa kukitazama kiumbe kisichoweza kusema na kutambua kuwa kina kiu ndiye huyo huyo atakayemtambua mwanafunzi mwenzake aliyekuja darasani bila kula. Na anayefunzwa kwamba kiumbe hai ni pambo la kutupwa likichakaa, funzo hilo nalo halitaishia kwa sungura.

Nini basi ushauri wangu? Kwanza, kwa nyumba ya kawaida ya mwambao huu, yenye paa la mabati na uwanja mdogo, sungura pandikizi asichaguliwe. Sisemi hivi kwa kumchukia bali kwa kumstahi. Anayetaka sungura achague wa wastani au mdogo, aliyezaliwa na kukuzwa hapa hapa pwani, ambaye joto letu limekwisha kumjaribu. Amnunue baada ya kuutayarisha mahali pake: kivuli cha siku nzima, upepo, sakafu isiyo ya waya mtupu, nyasi kila saa, na nafasi ya kuruka na kujinyoosha. Afahamu kwamba sungura hupenda mwenzake, ila dume na jike wakiwekwa pamoja, mimba ni ya siku 31 tu, na kila uzao unaweza kuleta watoto wanane au zaidi.

Pili, mwenye nyumba inayofaa kweli, muda na kipato, na ambaye bado anamtaka huyo mkubwa, akae kwanza kwa mwezi mmoja akitekeleza kazi bila mnyama. Kila alfajiri akate kilo ya nyasi, ateke lita ya maji, afagie pembe ya chumba. Kila adhuhuri apime joto la mahali alipokusudia kumweka. Zoezi hili linafaa sana kwa wanafunzi: kipimajoto ni rahisi, daftari lipo, na takwimu zitakuwa zao wenyewe. Mwezi ukiisha, jedwali la joto litawapa jibu ambalo hakuna mwuzaji atakayewapa.

Tatu, asiyeweza kufuga asidhani kuwa njia mbadala ni kumchukua mnyama wa porini. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza kuwaweka wanyama hao bila kibali. Lakini mapenzi ya wanyama hayana lazima ya kizimba. Msitu wa Arabuko-Sokoke uko mlangoni petu, baina ya Kilifi na Malindi, kilomita mraba 420 hivi za miti. Ndani yake anaishi panya-tembo mwenye matako ya rangi ya dhahabu, mwenye pua ndefu inayochezacheza na miguu ya mbio kama ya sungura mdogo, na anayekabiliwa na hatari ya kutoweka. Msitu huo ndio maskani yake makuu duniani. Watalii husafiri maelfu ya kilomita kumtafuta, ilhali wapo watoto wa Gede na Watamu waliomaliza shule bila kuonyeshwa. Safari moja ya darasa hadi msituni hugharimu kidogo kuliko kumlisha pandikizi kwa mwaka, na mnyama hubaki katika makazi yake.

Walimu wana nafasi ya pekee katika jambo hili, kwa sababu ombi la mtoto huanzia mara nyingi shuleni, kwenye picha au mazungumzo ya mapumziko. Wanaweza kuliweka mbele ya darasa kama mjadala: je, ni haki kumfuga mnyama katika mahali ambapo hali ya hewa haimfai, hata kama anapendwa? Wanafunzi watakaoijadili mada hiyo kwa hesabu za joto, maji na miaka, wala si kwa vicheko tu, watakuwa wamejifunza jambo litakalowafaa watakapochagua mengine makubwa zaidi maishani: kwamba kupenda kitu hakutoshi kuwa sababu ya kukimiliki, na kwamba kabla ya kusema "nakitaka" ni adabu kukiuliza kinahitaji nini.

Naye mzazi anayeombwa, asiogope kusema hapana. Mtoto atalia siku moja au mbili. Hilo ni jepesi kuliko kumzika kipenzi chake kwa joto la kaskazi, huku akijua kwamba mkubwa wake angeweza kulijua jambo hilo mapema.